Mageti Mawili kwenye Daraja Moja

Mume wangu wanamwita Cheche, na si kwa sababu ni mkali. Mkali ni mimi, muulize yeyote mtaani. Yeye jina hilo alilipata kwenye kazi yake ya kuchomelea vyuma, maana hana shati hata moja lisilo na vitundu vya moto kifuani. Wakati wa uchumba nilikuwa nikivishona vitundu vile kimoja kimoja, kwa mapenzi. Siku hizi namwambia avae hivyo hivyo, apate hewa.

Karakana yake ni banda lililoegemea ukuta wa nyumba yetu, kwa hiyo ndoa yangu yote nimeiishi nikisikia nyundo. Fundi yeyote akishachomelea hugonga pale alipounga, ili ganda la moto lidondoke. Cheche hugonga kwa namna yake mwenyewe: mara mbili haraka haraka, anatulia, halafu mara moja tena. Ta-ta. Ta. Kisha anainamisha sikio kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasubiri kuitikiwa. Nikimuuliza anasikiliza nini, ananiambia, "Chuma kikiungwa vizuri kinasema." Haya, mwanamume anayeongea na vyuma, nimemchagua mwenyewe.

Tena hajui kutengeneza geti likawa geti tu. Kila analolitoa lazima aliwekee jani moja la chuma, dogo, karibu na kitasa, pale mkono wa mtu unapofika kwanza. Jani hilo hamlipishi mtu. Anasema kazi ya geti ni kukataa watu, basi angalau lisiwakatae kwa ukali. Mama yangu alipolisikia neno hilo, kipindi kile bado anampima kama anafaa au hafai, aliniita jikoni akaniambia, "Olewa."

Mama anakaa ng'ambo ya mtaro. Mtaro wenyewe ni ule mkubwa wa maji ya mvua, umeukata mtaa katikati, na juu yake kuna daraja la waenda kwa miguu, jembamba kiasi kwamba wawili wakikutana mmoja hujibana pembeni. Tumemsihi ahamie kwetu mpaka tumechoka. Anasema hawezi kukaa kwa mkwe, watazoeana vibaya. Basi kila alasiri, jua likianza kulegea, alikuwa akivuka daraja na goti lake bovu, anakuja kunywa chai na Cheche. Si na mimi, na Cheche! Mimi nachemsha, wao wanakaa kwenye benchi la karakana, wanawasema watu, wanacheka, na nikisogea wananyamaza kama watoto waliokutwa na mikono kwenye sukari. Nilikuwa najifanya naona wivu. Ukweli ni kwamba saa ile niliipenda kuliko saa zote za siku, na haya ninayowasimulia ni habari ya jinsi ilivyobaki kidogo tuipoteze.

Zamani hakuna aliyeliogopa daraja lile. Kiwanda cha nyuzi kilikuwa kinafanya kazi, na watu wa huku na wa ng'ambo walikuwa wakiingia zamu pamoja, mama akiwa mmoja wao. Taa za darajani zilikuwa za kiwanda. Kiwanda kilipofungwa, taa nazo zikafa, na hakuna ofisi iliyokubali kuwa ni zake. Vijana ambao wangekuwa wafanyakazi wakabaki kukaa kwenye kingo za daraja wakitazama maji machafu yakipita. Kukaa tu, hawamgusi mtu. Lakini wewe ukipita gizani ukamkuta kijana amekaa, husemi maskini hana kazi. Unajiuliza anafanya nini hapa, halafu unakaza mwendo.

Ndipo ukaibiwa mtungi wa gesi. Mtungi mmoja, wa jirani yetu, nje ya mlango wa jikoni. Najua ni mmoja kwa sababu nilimsaidia kuutafuta. Asubuhi habari hiyo iliingia kwenye kibanda cha Kinyozi ikiwa mtungi mmoja, na kila kichwa kilichonyolewa siku hiyo kikaongeza chake. Ikawa mitungi. Likawa genge. Genge likapata mapanga. Jioni jirani mwenyewe alikwenda kunyolewa ndevu, akasimuliwa mkasa wake bila kuutambua, akarudi nyumbani anatetemeka. Akamwambia mkewe afunge madirisha yote, kuna watu wameibiwa vibaya sana.

Kinyozi si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ana redio inayosema tangu anafungua mpaka anafunga, na wateja wanaosema kuliko redio. Tulimchagua mwenyekiti wa ulinzi wa mtaa kwa kuwa alikuwa na habari zote. Kama ni za kweli, hilo hatukuuliza.

Na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mgombea akaanza kupita na gari lenye kipaza sauti, asubuhi asubuhi. Siku moja akasimama penye kibanda cha Kinyozi, watu wakamzunguka. Mimi nikamuuliza kuhusu taa za darajani. Akanijibu kuhusu wezi. Mwingine akauliza kiwanda kitafunguliwa lini, naye akajibiwa kuhusu wezi. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, sauti ya mtu anayelala usingizi wa kutosha. "Ninyi wenyewe mnajua wanatokea wapi," alisema. "Wanavuka daraja." Watu wakapiga makofi. Hata mikono yangu ilianza kupiga kabla sijaizuia, maana jamani, kuambiwa unachokiogopa kina anwani kunapendeza. Kiwanda hakijengwi kabla ya siku ya kura. Geti la kufunga daraja, upande wetu, linawezekana.

Vyuma akatoa yeye, kazi akapewa Cheche.

Siku hiyo niligombana na mume wangu mpaka majirani wakapunguza redio zao wasikie vizuri.

"Unamfungia mama yangu geti usoni!"

"Simfungii."

"Kwani yeye anakaa wapi? Anakaa mwezini?"

"Mke wangu, mimi nikikataa wataleta fundi mwingine. Huyo atamjua mama?"

"Na hilo jani lako ukithubutu kuliweka, utalitafuna mbele yangu!"

Akalitengeneza, na jani akaliweka. Kitasa alikichagua mwenyewe, na mbali ya ufunguo aliompa Kinyozi akachonga mwingine, akautia kamba, akampelekea mama auvae shingoni. Mimi nikanyamaza. Wanaonijua wanaelewa kwamba nikinyamaza nimeomba radhi.

Sasa sikieni kituko. Geti halijapata hata kutu, mama akaja kwenye chai yake amekunja uso. Hakuonja kitu mpaka amesema lililomleta.

"Mkwe, nimetumwa. Watu wa kwetu wanataka geti. Pale mwisho wa daraja, upande wetu."

"Geti lingine, mama? Si lipo tayari?"

"Lile ni la kwenu. La kwetu ni la kuzuia wezi."

"Wezi wa wapi?" nikadakia mimi.

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, sikupenda kukwambia. Wa huku kwenu."

Nikashika kiuno. Nikamtaka aniambie ni nani aliyewaeleza hayo. Akasema kuna bwana mmoja anapita kwao jioni na gari la kipaza sauti, ana sauti nzito, nzuri. Loo! Asubuhi kwetu, jioni kwao! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi la chuma, na Cheche akacheka mpaka chai ikampalia. Mama hakucheka.

"Ninyi chekeni," alisema. "Kwetu mtu ameibiwa kuku, manyoya yameokotwa darajani. Siku hizi nikija huku roho iko mkononi."

"Mama, mtu ni mmoja, sauti ni moja. Anawaambia ninyi vile vile anavyotuambia sisi."

"Kwani mtu mmoja hawezi kuona wezi pande zote mbili?"

Nikaona kikombe chake bado kimejaa, na kicheko chote kikaniisha. Mama yangu amelea watoto peke yake, amesimama zamu za usiku penye mashine zinazong'oa vidole, na sasa alikuwa anawaogopa majirani wa bintiye.

Cheche akatengeneza geti la pili. Akaliwekea kitasa cha aina ile ile, ili ufunguo wa mama ufungue yote mawili, jani huku na jani kule. Alirudi jioni amefurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Atapita atakavyo," aliniambia. "Geti kwake si geti."

Kesho yake mama hakuja. Tukasema ni goti. Kesho kutwa hakuja. Siku iliyofuata Cheche alikaa na vikombe viwili mpaka vyote vikapoa, na sikuweza kumtazama. Nikajifunga kitambaa kichwani nikaenda. Nilimkuta mama amejifungia ndani mchana kweupe, redio inasema, ufunguo ameushika kiganjani.

"Ninao," alisema kabla sijauliza. "Nauvaa hata kulala. Lakini nikifika pale nikakiona kile chuma chote, najiuliza, watu wazima wangekileta bure? Lazima kuna jambo wanalijua. Basi miguu inakataa, mwanangu. Inakataa kabisa."

Na mimi nisijifanye jasiri hapa. Nilipokuwa narudi, kijana mmoja aliyekaa ukingoni aliniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mama," na mimi nikaubana mkoba kwapani kwanza ndipo nikamwitikia. Nilikuwa namjua tangu anatambaa.

Nikamsimulia Cheche. Siku ya pili, saa ya chai, alinawa uso, akachukua nyundo, akatoka. Akasukuma geti la huku, ambalo mchana lilirudishiwa tu bila kufungwa, akavuka, akafika kwenye geti la kule akagonga chuma. Ta-ta. Ta. Mama akaisikia kutoka ndani kwake, akaijua, akafungua mlango. Wakaja wameshikana mikono, yeye Cheche akitembea kwa mwendo wa lile goti bovu, daraja zima. Tangu hapo ikawa hivyo kila siku, kumleta na kumrudisha. Mimi nilikuwa nikisimama mlangoni nawaona wanakuja, nikimpenda mume wangu mpaka kooni, halafu wakifika namgombeza kwa kuacha moto unawaka.

Lakini chai haikuwa ile. Mama alikuwa anakunywa huku anatazama jua. Hawakuwasema watu tena, maana watu wenyewe walikuwa wameshaanza kumtisha. Alikuwa akibakisha nusu kikombe na kusema, "Nirudishe, mkwe, kabla hakujawa giza," na giza lilikuwa bado mbali.

Ikatangazwa kwamba mgombea anakuja mwenyewe kuyafungua mageti, na kufungua kwenyewe maana yake ni kuyafunga: kuanzia siku hiyo hakuna kuachwa wazi hata mchana. Kinyozi akaja mbio karakanani. Jina la mgombea liwekwe juu ya geti la huku, kwa herufi za chuma, tena liwe tayari haraka. Ile kinga ya uso ya Cheche, yenye kioo cheusi, ilikuwa imepasuka, na duka la vifaa limefungwa. Mimi nilikuwa sokoni. Mwanamume huyu, mzima na akili zake, fundi wa miaka yote ile, akaingia chumbani akachukua miwani yangu ya jua, ile yenye maua pembeni, akaenda kuchomelea nayo jina la watu!

Macho yakichomwa na mwanga ule hayalalamiki papo hapo. Yalimsubiri mpaka usiku, na kulipokucha alikuwa hawezi kuyafumbua, machozi yanamchuruzika, anasema ni kama yamejaa mchanga. Mwenye duka la dawa akanipa matone, akasema atapona, ila alale gizani asisumbuke. Nikafunga mapazia, nikamwekea kitambaa chenye maji usoni. Sikumgombeza hata mara moja, ndipo akajua kwamba ameumia kweli.

Alasiri akainua kichwa. "Saa ya mama."

"Lala."

"Atasubiri nyundo."

"Nitakwenda mimi. Tulia nikuwekee dawa kwanza."

Nilijaribu kumpigia simu mama, ikawa imezimwa. Mama huiwasha simu yake anapotaka kupiga yeye tu. Na kumwekea mtu matone kwenye jicho asiloweza kulifumbua si kazi ya mara moja. Anabana, namsihi, anabana tena, tone linaishia sikioni. Saa ya mama ikapita nikiwa bado nimemkalia kifuani.

Yaliyotokea darajani nimeyapata kwa mama na kwa Kinyozi, kila mmoja na lake, na nimechukua yale wanayokubaliana. Mama alikuwa amekaa nyuma ya mlango anasikiliza nyundo. Haikugonga. Akasimama, akakaa, akasimama. Mwishowe akachukua mchi wa kinu, akajitanda shuka kichwani asijulikane, akatoka. Upande wa pili Kinyozi alikuwa ametangulia darajani na rungu, analinda herufi za mgombea zisiibiwe. Akasikia geti la ng'ambo linafunguka, akageuka, akaona mtu amejifunika uso ana silaha. "Mwizi!" akapiga kelele. Mama naye akaona mwanamume mwenye rungu anamjia. "Mwizi!" Wakasimama katikati ya daraja jembamba, wanaitana mwizi kwa sauti zote walizonazo, na hakuna anayeweza kupita wala anayekumbuka kukimbia.

Waliowaokoa ni vijana wa ukingoni. Walikuwa wamecheka mpaka mmoja nusura atumbukie mtaroni. "Kinyozi, huyo ni mama mkwe wa Cheche! Mama, huyo ni Kinyozi wetu tu!"

Mama akashusha shuka, akamtazama vizuri. "Ala! Ni wewe? Mimi na mama yako tulikuwa mashine moja. Ulikuwa unalala ndani ya kapu langu la nyuzi."

Rungu likashuka taratibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika huu mchi, mzito. Mkwe wangu ana nini leo?"

Kinyozi hakujua. Aliona herufi zimeishia katikati, akadhani fundi amechoka. Mama hakungoja maelezo, akamshika mkono akamvuta, na kati yao hakuna aliyekumbuka kugeuka kufunga geti lolote.

Mimi nilisikia hatua uani. Cheche alizisikia kabla yangu, maana goti lile lina mwendo wake. Akajaribu kukaa, kitambaa kikamdondoka. Mama akaingia, na nyuma yake Kinyozi, ana rungu mkono huu na mchi mkono huu, anatazama chini kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mama?" Cheche aliuliza, macho yamefumba. "Nani amekuleta?"

"Nimekuja. Sikusikia nyundo."

"Umepita mageti yote mawili? Peke yako? Hukuogopa?"

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Akakiokota kitambaa, akakichovya upya, akakikamua, akamwekea machoni kwa mikono yote miwili.

"Niliogopa, baba," alisema. "Hata sasa naogopa, shika mkono wangu uone. Lakini nilikuogopea wewe zaidi."

Kinyozi alikuwa ameshageukia ukutani. Mimi nikasema nakwenda kuchemsha chai, nikasimama jikoni nikilia na jiko halijawashwa.

Mageti yalilala wazi usiku ule, yote mawili. Asubuhi watu wakahesabu vitu vyao, vilikuwa vyote. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Mgombea alipokuja alikuta geti liko wazi na jina lake limeishia herufi tatu. Akauliza kwa nini halijafungwa. Kinyozi akamjibu kwamba ufunguo umepotea, nami nikauona ukichungulia mfukoni mwake. Akahutubia, akaondoka, akashinda. Gari la kipaza sauti hatujaliona tena.

Msinielewe vibaya, wezi wapo. Juzi tu nimeibiwa sufuria, na nikimpata aliyeichukua nitampigia hiyo hiyo kichwani. Redio ya Kinyozi bado inasema. Taa za darajani bado zimekufa, na kila Jumatatu naenda kwenye ofisi ya serikali kuuliza, wameshaanza kunijua kwa hatua. Mama bado anaogopa, hilo halikutoka kwa siku moja. Ila anakuja.

Anakuja mwenyewe, kwa goti lake. Akifika kwenye geti la huku, ambalo siku hizi halifungwi na mtu, anavua ufunguo shingoni na kuugongesha kwenye lile jani la chuma. Ta-ta. Ta. Karakanani Cheche anasimamisha kazi, anainamisha sikio.

"Weka maji jikoni," ananiambia. "Mama anavuka."